Mshukiwa Asubiri Kwanza

Hotuba kwa walimu walezi na wanafunzi wa klabu za sayansi, Mtwara

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Ndugu mgeni rasmi, wakuu wa shule, walimu wenzangu, nanyi vijana mliofika kutoka Newala, Tandahimba, Masasi, Nanyumbu na hapa mjini: itifaki imezingatiwa, maana nikianza kuitaja yote chai itapoa.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuwaandaa wanafunzi kwa shindano la sayansi ya uchunguzi wa jinai. Wengi hapa hamjaliona, kwa hiyo nianze na lilivyo. Marekani wanalo ndani ya Science Olympiad, mashindano yao makubwa ya shule. Timu ni wanafunzi wawili tu, na muda ni kama dakika 50. Wanakabidhiwa karatasi yenye kisa cha uhalifu na orodha ya washukiwa. Mezani wanakuta bahasha na vichupa: unga usioandikwa jina, vipande vya plastiki, nyuzi, unywele, karatasi yenye wino, alama ya kidole. Wanapima, wanaandika matokeo, na mwisho wanaeleza ushahidi unamgusa nani, haumgusi nani, na kwa nini. Fungu nono la alama liko kwenye maelezo hayo ya mwisho. Walimu naomba mkumbuke hilo, kwa sababu sisi wa kemia tuna tabia ya kupenda rangi za kwenye testityubu tukasahau karatasi.

Kisa nilichowatungia kwa mazoezi ni hiki. Msimu wa korosho, usiku wa kuamkia mnada, ghala la chama cha msingi limevunjwa na magunia kadhaa hayaonekani. Washukiwa ni wanne: mlinzi, karani wa mizani, kijana wa bodaboda, na mkulima aliyegombana na chama juu ya malipo. Nilipokisoma mbele ya kundi moja la kidato cha tatu, hata aya ya kwanza haijaisha, sauti za nyuma zikajibu kwa pamoja: "Bodaboda huyo!" Bahasha bado zilikuwa zimefungwa kwa selotepu. (Kicheko.)

Mnacheka, lakini hapo ndipo timu inapopoteza shindano. Kemia wanaiweza. Mwulize mwanafunzi wa kidato cha nne iodini ikigusa wanga inageuka rangi gani, atakujibu akiwa usingizini. Kinachomshinda ni kukaa na washukiwa wanne kichwani bila kumchagua mmoja mpaka meza yote iwe imesema. Na tusiwalaumu sana watoto. Wamekulia mahali ambapo mtu akipigiwa kelele za "mwizi!" stendi, gazeti la kesho yake linaandika "wananchi wenye hasira kali", na habari imeisha. Nani alimhoji yule mtu? Nani alipima chochote?

Wataalamu wakubwa nao hujikwaa hapohapo. Mwaka 2004, baada ya mabomu kulipuka kwenye treni za Madrid, alama ya kidole ilipatikana kwenye mfuko wa plastiki wenye viwashio vya mabomu. FBI wakasema ni ya wakili mmoja wa jimbo la Oregon, Marekani. Mchunguzi wa kwanza akasema ndiye, wa pili akasema ndiye, wa tatu vilevile. Wakili akawekwa ndani karibu wiki mbili. Polisi wa Hispania, ambao tangu mwanzo hawakuridhika, wakaja kumpata mwenye kidole: raia wa Algeria. Ukaguzi uliofanyika baadaye ulionyesha kwamba wachunguzi, wakishaona alama safi ya yule wakili, walianza kuziona sifa zake ndani ya ile alama hafifu ya eneo la tukio. Jicho lilikuwa limeshaambiwa cha kutafuta.

Kwa hiyo kanuni yangu ya kwanza kwa walezi: katika mazoezi ya mwezi wa kwanza, msiwape wanafunzi majina ya washukiwa kabisa. Wapeni vielelezo tu, A, B, C, D. Waandike walichokiona. Majina yaje baada ya daftari kufungwa.

Sasa tuje kwenye vifaa, maana najua mnaniwazia: mwalimu huyu anasema ya Marekani, sisi maabara yetu ina kabati moja na nusu. Nawaambieni, kwa unga tumebarikiwa. Dukani na jikoni kwetu kuna chumvi, sukari, magadi ya kuchemshia maharage, soda ya kuokea, hamira, unga wa sembe, unga wa muhogo, poda ya mtoto, Panadol ya kusaga, chokaa, jasi, saruji. Hizo zinatosha kumtoa jasho bingwa yeyote, na kila moja ina mtego wake.

Wengi mnadhani chaki ya darasani ni kalisi kaboneti, itachemka ukiitonea siki. Jaribuni. Chaki nyingi za kuandikia siku hizi zinatengenezwa kwa jasi, yaani kalisi salfeti, nazo hutulia kimya. Kombe la baharini au kipande cha tumbawe ndicho kitatoa mapovu. Chokaa iliyozimwa, ikiwa mpya, haipaswi kutoa mapovu, lakini mfuko uliokaa wazi miezi mingi hunyonya kaboni dayoksaidi ya hewani na kurudi kuwa kaboneti, basi nayo inachemka. Baking powder ina wanga ndani yake, kwa hiyo itatoa mapovu hata kwa maji matupu na pia itageuka bluu-nyeusi kwa iodini. Vidonge vingi vya Panadol navyo vina wanga wa kushikanisha dawa. Mwanafunzi aliyekariri kwamba "bluu-nyeusi ni unga wa ugali" atamfunga mtu aliyekuwa anaumwa kichwa.

Unga wa sembe na wa muhogo ndio mtihani mzuri kuliko yote kwa mkoa huu. Iodini haitofautishi. Ukiwa na hadubini utaona chembe za wanga wa mahindi zina pembepembe, za muhogo ni za mviringo na nyingi kama zimekatwa upande mmoja. Huna hadubini? Andika "kuna wanga" na uishie hapo. Mwanafunzi anayeandika "muhogo" kwa sababu kwao ndio wanaokula muhogo amekisia, na msahihishaji makini atamkata.

Utaratibu wa kupima nao ufundishwe kama udhu: kuna cha kutangulia. Gawa sampuli, nusu ibaki haijaguswa. Angalia kwa macho na kioo cha kukuzia, rangi na umbo la chembe. Kisha maji: inayeyuka, inaelea, inazama? Kisha litmasi, au kama haipo, maji ya rozela yaliyochemshwa, ambayo kwenye asidi ni mekundu na kwenye besi huelekea kijani. Magadi yataonyesha kijani iliyokolea kuliko soda ya kuokea, na hapo umezitenganisha mbili ambazo zote huchemka kwa siki. Halafu siki. Iodini mwisho. Ukianza na siki umeshaharibu sampuli, na karatasi ya shindano haitoi nyingine.

Niwape mfano mmoja niukae kidogo, kwa sababu ndani yake kuna kila kitu. Katika kile kisa cha ghala, nimeweka unga wa njano kwenye kola ya shati la bodaboda. Hauyeyuki, unaelea juu ya maji kama hautaki kulowa, siki haiufanyi kitu. Watoto wa Mtwara hawahitaji kuambiwa: salfa. Ile ile tunayopulizia mikorosho dhidi ya ugonjwa wa ubwiri unga. Na katika kisa, ndani ya ghala kuna mifuko ya salfa. Timu nyingi hapo huruka juu: amekamatwa!

Haya, tulieni. Nani katika kijiji cha korosho hana salfa? Mkulima anayo. Mlinzi ana shamba. Karani msimu wa kupulizia alikuwa akigawa mifuko. Bodaboda ndiye aliyebeba mifuko hiyo kuwapelekea watu mashambani, tena kwa malipo halali. Salfa hupulizwa mikorosho ikichanua, kuanzia kama Mei au Juni hadi Agosti, na mnada unakuja Oktoba na kuendelea. Je, shati hili halijafuliwa tangu lini? Unga huohuo ungepatikana kwenye kola ya mtu aliyeshuka leo kutoka Dar es Salaam akasema hajawahi kufika kijijini, ungekuwa na uzito mwingine kabisa. Ushahidi una thamani kwa kadiri ulivyo adimu miongoni mwa washukiwa, na mtoto akilielewa hilo katika salfa, atalielewa katika udongo, nyuzi na nywele. Udongo mwekundu wa uwanda wa Makonde kwenye soli ya kiatu ni habari kubwa ikiwa tukio limetokea Msimbati kwenye mchanga wa pwani. Tukio likiwa Newala, ni kiatu tu.

Plastiki nitazipitia haraka. Zinatenganishwa kwa kuelea na kuzama. Chukueni kalamu ya Bic ile ya kuonekana ndani. Kofia yake ni polipropilini, inaelea kwenye maji ya kawaida. Mwili wake ni polistirini, wenye msongamano wa kama 1.05 (maji matupu ni 1), unazama hata kwenye maji ya bahari ya Shangani, kwa sababu bahari ni kama 1.025 tu. Lakini maji yaliyoshiba chumvi, kama yale ya mwishomwisho kwenye mashamba ya chumvi, yanafika 1.2, na hapo unaibuka. Chupa ya maji ya kunywa, ambayo ni PET, itazama kote. Kateni vipande vidogo na mvisugue viputo vya hewa, la sivyo kila kitu kitaelea na mtabishana mpaka jioni. Kuchoma plastiki ili kunusa moshi, kama vitabu vya zamani vilivyoelekeza, sitaki. Bomba la PVC likiungua linatoa gesi ya asidi inayochoma mapafu.

Wino vilevile ni wepesi: nukta ya kalamu karibu na kitako cha chaki nyeupe, isimamisheni kwenye kisahani cha spiriti, rangi zitapanda na kuachana. Wino wa kalamu ya Bic haupandi kwa maji. Pimeni umbali wa rangi mgawanye kwa umbali wa kimiminika, mwandike namba. Na madoa ya damu: msitumie damu. Ya kuku, ya mbuzi, ya mtu, yoyote. Rozela nzito iliyochanganywa na uji mwembamba inatosha kabisa kudondoshea kwenye karatasi iliyoinamishwa. Tone likiwa na upana wa milimita 6 na urefu wa 12, upana kwa urefu ni 0.5, fungueni majedwali ya sini, pembe ambayo tone liligongea karatasi ni nyuzi 30. Mwalimu wa hisabati atafurahi kuona kuna mtu amemkumbuka.

Alama za vidole zinahitaji muda zaidi. Makundi makuu ni matatu: vitanzi, mizunguko na matao. Vitanzi ndivyo vingi, kama asilimia 60 hadi 65 ya vidole vyote. Matao ni machache, karibu asilimia 5. Kwa hiyo timu inayoandika "alama ni kitanzi na mshukiwa ana kitanzi, basi ni yeye" imerudia kosa la salfa. Waende kwenye mistari yenyewe: unapoishia, unapogawanyika, kisiwa kidogo kilichopo katikati. Watoto wafahamu pia kwamba mfumo wa kuainisha alama uliosambaa duniani kwa jina la Mwingereza Edward Henry ulifanyiwa kazi kubwa ya hesabu na Wahindi wawili, Azizul Haque na Hem Chandra Bose, huko Calcutta, ambako ofisi ya alama za vidole ilifunguliwa 1897. Scotland Yard, polisi wa London, walianza yao 1901. Nawatajia hili kwa makusudi. Vijana wetu wasidhani sayansi hii ilizaliwa kwa watu wenye makoti meupe tu.

Kisha kuna jambo letu wenyewe. Mafuta ya ganda la korosho yanababua ngozi, ndiyo maana mama zetu wanaobangua kwa mkono hujipaka majivu. Mikono inakuwa myeusi, ngozi inabanduka, mistari ya vidole inafifia. Baadhi yenu mmeshuhudia bibi akihangaika kwenye mashine ya kusajili laini ya simu, kidole kinawekwa, mashine inakataa, kinafutwa, kinawekwa tena. Katika kisa cha ghala nimeweka kielelezo cha kidole chenye doa tupu bila mistari. Timu moja iliandika "alama imeharibika, haifai." Timu nyingine ikaandika: "Mistari haionekani. Huenda mguso ulikuwa wa kuteleza, au ngozi ya mguswaji imeathirika, mfano kwa mafuta ya korosho. Haiwezi kumtambua wala kumwondoa mshukiwa yeyote." Niliwapa hao wa pili alama zote, ingawa walipaswa kuandika "mgusaji". (Kicheko.)

Tahadhari moja kwa walezi. Mkikusanya alama za vidole vya wanafunzi kwa mazoezi, hizo ni taarifa binafsi za watoto, na nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Wazazi waridhie, karatasi ziandikwe namba badala ya majina, na mkimaliza zichomwe. Wala msitunge kisa kinachofanana na tukio la kweli la kijijini kwenu. Mtoto wa mtuhumiwa anaweza kuwa ameketi dawati la tatu.

Vinasaba shuleni tunavifundisha kwa karatasi tu, mistari ya kulinganisha. Upimaji wenyewe una sheria yake ya mwaka 2009 na unasimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambayo ofisi yake ya Kanda ya Kusini iko hapahapa Mtwara. Mnaweza kuandika barua kuomba mtaalamu aje kuzungumza na klabu. Jiandaeni, swali la kwanza la wanafunzi litakuwa "kitanda hakizai haramu". Lakini mimi ningependa wasikie visa viwili. Cha kwanza ni cha Uingereza. Alec Jeffreys aligundua njia ya kutambua watu kwa vinasaba mwaka 1984 akiwa Chuo Kikuu cha Leicester. Ilipotumika kwa mara ya kwanza katika upelelezi wa mauaji, ilianza kwa kumwondoa kijana wa miaka 17 aliyekuwa ameshakiri kuua. Alikiri, na hakuwa yeye.

Cha pili ni cha Ujerumani. Kwa miaka mingi polisi walimtafuta mwanamke ambaye vinasaba vyake vilipatikana katika matukio takriban 40, Ujerumani, Austria na Ufaransa: mauaji ya askari polisi huko Heilbronn mwaka 2007, wizi wa nyumba, kila aina. Mwaka 2009 ikabainika hakuna mhalifu kama huyo. Vinasaba vilikuwa vya mfanyakazi wa kiwandani aliyeshika vijiti vya pamba vya kuchukulia sampuli kabla havijafika kwa polisi. Vilikuwa vimetakaswa vijidudu, lakini vinasaba havikuondoka. Mkimsimulia mwanafunzi hiki, hamtahitaji kumkumbusha tena kubadilisha glavu au kutumia kijiko kipya kwa kila unga.

Hapo tumefika kwenye bahasha. Mahakama yetu ya Rufani, katika rufaa ya jinai namba 110 ya mwaka 2007, ilieleza kwamba kielelezo lazima kiwe na kumbukumbu za maandishi zinazofuatana: kilikamatwaje, kilitunzwa na nani, kilikabidhiwa kwa nani, kilichunguzwa wapi, mpaka kinapofika mahakamani. Basi mazoezini kila bahasha ya kaki iandikwe kilichomo, mahali kilipookotwa, tarehe, saa, na saini ya kila aliyeishika. Mwanafunzi akifungua bila kusaini, mlezi aiondoe mezani. Watanuna siku moja. Ya pili watasaini.

Kuhusu kuandika, nimebandika ukutani sentensi mbili. Moja inasema: "Bodaboda ndiye mwizi kwa sababu shati lake lina salfa." Nyingine inasema: "Kielelezo B ni unga wa njano, hauyeyuki majini, hauchemki kwa siki, unaendana na salfa. Salfa inatarajiwa kwa washukiwa wote wanne, hivyo kielelezo hiki hakiwatofautishi." Ya pili ni ndefu na haina mshindo. Ndiyo inayopata alama. Na msiwaogope wanafunzi watakaomaliza kwa kuandika "ushahidi hautoshi kumtaja mtu", ikiwa wameonyesha kwa nini hautoshi. Katika visa vyangu vitatu kimoja hakina jibu, nimekitunga hivyo.

Wajadiliane kwa Kiswahili, hata kwa Kimakonde wakitaka, wakishakubaliana ndipo waandike kwa Kiingereza cha mtihani. Mkiwalazimisha kufikiri moja kwa moja kwa Kiingereza, watachagua neno wanalolijua badala ya jambo walilolipima.

La mwisho ni la wawili wa timu. Nimeona shule baada ya shule: mvulana anashika testityubu, msichana anashika kalamu. Wabadilishane kila bahasha. Na anayeandika awe na haki ya kumwambia anayepima "sijaona, rudia," naye arudie bila kununa.

Nimeziweka bahasha za kisa cha ghala kwenye meza za nyuma, pamoja na siki, iodini, rozela na ndoo mbili za maji ya chumvi. Karatasi ya washukiwa ninayo mimi, sitaitoa mpaka nione madaftari. Walimu wa Nanyumbu na Masasi ambao gari lao linaondoka saa nane waanze wao, wawili wawili. Asanteni kwa kunisikiliza.